Arthur Wharton, Kipa Aliyetoka Pwani ya Dhahabu

Wasikilizaji wetu, katika mazungumzo ya leo twataka kuwasimulia habari za mchezaji mmoja wa mpira aliyezaliwa Afrika, akapata sifa kubwa katika Uingereza, kisha akasahauliwa kabisa, hata kaburi lake likakaa zaidi ya miaka 66 bila jiwe wala jina. Mtu huyo aliitwa Arthur Wharton. Yeye ndiye anayehesabiwa kuwa mtu mweusi wa kwanza duniani kucheza mpira wa miguu kwa kulipwa mshahara.

Huenda mtu akauliza, habari za mtu wa zamani namna hii zatufaa nini sisi? Twamjibu kwamba hakuna kijiji kisichokuwa na mtu ambaye wazee humtaja wakisema, "Yule angalifika mbali." Wengine husema hivyo kwa huzuni, na wengine kwa kulaumu, kana kwamba kila asiyefika mbali hakufika kwa kosa lake mwenyewe. Basi na tuyatazame maisha ya Wharton tangu mwanzo hata mwisho, kisha tupime kama watu waadilifu: lililomzuia ni lipi?

Alizaliwa tarehe 28 Oktoba 1865 katika mtaa wa Jamestown, mjini Accra, katika nchi iliyoitwa Pwani ya Dhahabu, ambayo tangu mwaka 1957 jina lake ni Ghana. Baba yake, Henry Wharton, alikuwa mhubiri wa Kimethodisti, mzaliwa wa kisiwa cha Grenada upande wa Amerika, na katika damu yake mlikuwa na asili ya Kiafrika na ya Kiskoti. Mama yake, Annie Florence Egyiriba, alikuwa wa ukoo wa kifalme wa Wafante. Kwa hiyo mtoto huyu hakuzaliwa katika unyonge. Baba yake alikufa mwaka 1873, mtoto angali mdogo, lakini nia ya jamaa zake ilibaki ile ile, yaani apelekwe Uingereza akapate elimu, kisha arudi kuwa mwalimu au mhubiri kama baba yake.

Akaenda kwanza akiwa mtoto, akasoma London, akarudi kwao. Halafu alipokuwa kijana akavuka bahari mara ya pili, na mwaka 1884 akaingia chuo katika mji wa Darlington, kaskazini ya Uingereza. Hapo ndipo njia yake ilipogeuka. Siku zile shule za Kiingereza zilithamini sana michezo, na mara ikaonekana kwamba kijana huyu ana miguu na mikono ambayo wenzake hawana. Alikimbia, alicheza kriketi, alipanda baisikeli, alidaka mpira. Na katika kila mchezo alioujaribu watu walisimama kumtazama. Basi masomo yakaanza kuwekwa kando, na ule uhubiri waliomtumainia jamaa zake hakuufikia.

Tusimulie kwanza habari za mbio, maana ndizo zilizomtangaza. Tarehe 3 Julai 1886, katika uwanja wa Stamford Bridge mjini London, walikusanyika wakimbiaji hodari wa Uingereza kwa mashindano makuu ya nchi nzima. Wharton aliingia katika mbio za yadi 100, zipatazo meta 91. Alikimbia katika mchujo akatumia sekunde 10 kamili. Akakimbia tena katika fainali, akatumia sekunde 10 kamili vile vile. Tangu mashindano hayo yaanzishwe, hapakuwa na mtu aliyeandikiwa muda kama huo. Mwaka uliofuata, 1887, akashinda tena.

Mkumbuke, wasikilizaji, mwaka ule ulikuwa mwaka gani. Mkutano wa Berlin ulikuwa umekwisha mwaka 1885, na mataifa ya Ulaya yalikuwa yakigawana Afrika. Mwaka huo huo wa 1886 Waingereza na Wajerumani walipatana kuigawanya bara iliyo nyuma ya pwani yetu ya Afrika Mashariki, sehemu moja huku na sehemu moja kule. Watu wengi wa Ulaya walifundishwa kuamini kwamba mtu mweusi ni dhaifu kwa akili na kwa mwili. Na katika mwaka huo huo, mwana wa mama wa Kifante aliwaacha nyuma wakimbiaji wote wa Uingereza, tena katika mji wao mkuu, mbele ya macho yao. Jambo hilo liliwashangaza wengi, na si wote waliofurahi.

Sasa twende kwenye mpira. Mwaka 1885 alikuwa ameanza kuwa kipa wa timu ya Darlington. Ili mfahamu kazi yake, yafaa tueleze kwamba mpira wa zamani haukuwa sawasawa na huu mnaoucheza shuleni. Nyavu za goli zilianza kutumika mwaka 1891, na penalti ilianzishwa mwaka huo huo. Kabla ya mwaka 1912 kipa aliweza kuushika mpira hata nje ya eneo lake la goli, mradi yumo katika nusu yake ya kiwanja. Lakini uhuru huo ulikuwa na gharama yake. Washambuliaji waliruhusiwa kumpiga kipa vikumbo, hata pengine mpira haumo mikononi mwake, wakamwangusha wao na mpira pamoja. Kwa hiyo kipa alipaswa kuwa mtu wa nguvu, mwepesi, na asiyeogopa kuumia.

Wharton alikuwa na sifa hizo zote. Ngumi yake ilipiga mpira ukaenda mbali sana. Mara nyingi hakusimama katikati ya goli kama makipa wengine, bali alijikunyata kando ya nguzo, hata watazamaji wakadhani amelala au amechoka. Kisha adui alipotaka kupiga, aliruka ghafula kama chui akauondoa mpira. Mwaka 1942 mzee mmoja aliliandikia gazeti la Sheffield akisimulia aliyoyaona kwa macho yake katika ujana wake. Alisema kwamba katika mchezo mmoja Wharton aliruka, akaushika mwamba wa juu wa goli kwa mikono, akaudaka mpira kwa miguu yake huku ananing'inia, na washambuliaji watatu waliokuwa wakimjia kwa kasi wakapita wakaangukia golini. Mzee yule alikuwa ametazama mpira kwa zaidi ya miaka 50, naye alisema hakuona tena jambo kama lile.

Sifa hizo zikafika Preston. Timu ya Preston North End ilikuwa katika siku zake za kujengwa, na watu wake walitafuta wachezaji hodari popote walipo. Katika msimu wa 1886 na 1887 Wharton alisimama katika goli lao, wakafika nusu fainali ya Kombe la Chama cha Mpira cha Uingereza, wakafungwa na West Bromwich Albion mabao 3 kwa 1. Alikuwa na umri wa miaka 21 tu. Magazeti mengine yalianza kusema kwamba astahili kuchaguliwa kuichezea Uingereza. Kama mtu angalitabiri siku ile, angalisema kijana huyu ana miaka 10 ya utukufu mbele yake.

Hapa ndipo penye kiini cha habari yetu. Wharton hakukaa Preston. Hata mwaka 1888 alikuwa ameiacha timu ile, akajitia katika mbio za kulipwa. Mjini Sheffield palikuwa na mashindano makubwa ya mbio ambayo wenye kasi zaidi walianza nyuma na wenye kasi kidogo wakaanza mbele, watu wakaweka fedha kubahatisha mshindi. Na mwaka huo wa 1888 Wharton alishinda huko. Lakini katika Septemba ya mwaka huo huo ilianza Ligi ya kwanza ya mpira duniani, yenye timu 12. Preston wakacheza michezo 22 ya Ligi, wakashinda 18, wakatoka sare 4, wala hawakufungwa hata mmoja. Tena wakatwaa na Kombe bila kuruhusu hata bao moja katika michezo yake yote. Katika fainali ya mwaka 1889 wakawapiga Wolverhampton Wanderers mabao 3 kwa 0. Hata leo watu wa Uingereza huwaita wachezaji wale "Wasioshindika". Golini mwao walisimama James Trainer na Robert Mills-Roberts, wote wawili watu wa Wales. Wharton hakuwamo.

Je, tumwite mpumbavu? Ni rahisi kusema hivyo sisi tunaojua mwisho wa habari. Mwenye kuhukumu baada ya jambo kutokea ni mwerevu siku zote. Lakini katika mwaka 1888 Ligi ilikuwa kitu kipya, wala hapakuwa na mtu aliyejua kama itadumu hata msimu mmoja. Kulipwa kwa mpira kulikuwa kumehalalishwa juzi tu, mwaka 1885, na wengi waliona si kazi ya heshima. Mbio zilimpa mtu fedha yake siku ile ile. Isitoshe, mbio zina haki moja ambayo mpira hauna. Mwenye kufika kwanza kwenye kamba amefika, wala hapana kamati iketiyo chumbani kumwambia kwamba hakufika.

Maana katika mpira, kamati zilikuwapo, na maneno yalikuwapo. Gazeti moja la michezo liliandika kwa kumtukana rangi yake, likiuliza kama fuvu lake ni nene kiasi cha kutofahamu kwamba golini si mahali pa mchezo. Wachaguzi wa timu ya taifa hawakumwita hata mara moja. Miaka ikapita, vizazi vikapita, na mtu mweusi wa kwanza kuichezea timu kuu ya Uingereza alikuwa Viv Anderson, mwaka 1978, yaani miaka 92 baada ya Wharton kuvunja kamba pale Stamford Bridge.

Mwaka 1889 alirudi katika mpira, naye safari hii alikuwa mchezaji wa kulipwa, katika timu ya Rotherham Town. Mwaka 1890 alioa katika mji huo, akawa pia mwangalizi wa nyumba ya pombe, kama walivyofanya wachezaji wengi wa siku zile, kwa kuwa wenye nyumba hizo walipenda jina la mchezaji livute wanywaji. Rotherham walimpenda, akakaa nao miaka 5, na mwaka 1893 timu ile ikaingia katika Daraja la Pili la Ligi. Lakini nyumba ya pombe ni mahali pa hatari kwa mtu anayetaka kuuhifadhi mwili wake. Aliyekuwa akiwauzia wengine akaanza kunywa mwenyewe, na polepole kileo kikamshika.

Mwaka 1894 alichukuliwa na Sheffield United, timu ya Daraja la Kwanza. Hii ilikuwa nafasi ya pili ambayo watu wengi hawaipati. Lakini mwaka huo huo timu ile ilimchukua kipa mwingine, William Foulke, kijana wa miaka 20, mrefu, mwenye mwili mkubwa ajabu. Wharton alikuwa akikaribia miaka 29. Foulke akapewa goli, naye Wharton akapata mchezo mmoja wa Ligi katika Daraja la Kwanza, juu ya Sunderland, mwaka 1895. Mchezo huo mmoja ulimfanya kuwa mtu mweusi wa kwanza kucheza katika daraja la juu la Ligi ya Uingereza. Walakini kwa mtu wa kipaji chake, ulikuwa mmoja tu.

Tangu hapo akawa mtu wa kuhamahama. Alirudi Rotherham, akaenda Stalybridge Rovers, akaenda Ashton North End, akarudi Stalybridge, na mwisho akachezea Stockport County, ambako aliacha mpira mwaka 1902 akiwa na miaka 36. Siku zile mchezaji akiacha, mambo yake na timu yamekwisha. Hapakuwa na malipo ya uzeeni. Mwaka 1901 Chama cha Mpira kilikuwa kimeweka sheria kwamba mchezaji asilipwe zaidi ya paundi 4 kwa juma, hata akiwa hodari namna gani. Na chama cha wachezaji kilichodumu, cha kuwatetea katika shida zao, kiliundwa mwaka 1907, wakati Wharton amekwisha kuondoka kiwanjani.

Akaingia katika kazi ya machimbo ya makaa ya mawe. Katika kijiji cha Edlington, karibu na mji wa Doncaster, yule aliyekuwa mwepesi kuliko watu wote wa Uingereza alifanya kazi ya kuyavuta makaa chini ya ardhi, gizani, pamoja na watu ambao pengine wengine wao hawakujua kwamba wamesimama karibu na bingwa. Alikufa tarehe 13 Desemba 1930, akiwa na miaka 65, maskini na mgonjwa, akazikwa Edlington katika kaburi la watu wasio na kitu.

Sasa, wasikilizaji wetu, na tupime kama tulivyoahidi.

Upande mmoja yako makosa yake, wala hatutaki kuyaficha. Wahenga walisema, mpanda farasi wawili hupasuka msamba, na Wharton alipanda zaidi ya wawili. Alikuwa mkimbiaji, kipa, mcheza kriketi na mpanda baisikeli, naye alihama kutoka hiki hadi hiki kila palipoonekana faida ya karibu. Elimu aliyoletewa ng'ambo ya bahari hakuimaliza. Pombe aliiruhusu iwe bwana wake. Hapana aliyemlazimisha katika mambo hayo.

Lakini upande wa pili una uzito wake. Alikuwapo Mwingereza mmoja, C. B. Fry, ambaye naye alitenda michezo mingi. Alichezea Uingereza kriketi, akaichezea mpira mwaka 1901, na mwaka 1893 aliifikia rekodi ya dunia ya kuruka mbali. Huyo hakuambiwa kwamba ametawanya nguvu zake. Alisifiwa kuwa mtu mkamilifu. Tena mtazameni Foulke, aliyelipata goli la Sheffield. Naye alijulikana sana kwa mizaha yake uwanjani, wala mizaha hiyo haikumzuia kuichezea Uingereza mwaka 1897, wala hapakuwa na gazeti lililosema kwamba fuvu lake ni nene kwa ajili ya rangi yake. Basi tabia ile ile iliitwa uhodari kwa mmoja, na kichekesho kwa mwingine, na upumbavu kwa yule mweusi. Mizani yenye mawe mawili si mizani ya haki.

Kwa hiyo sisi twasema hivi: Wharton alikosa, lakini hakukosa kuliko wenzake; tofauti ni kwamba wenzake waliruhusiwa kukosa, wakasamehewa, wakapewa nafasi nyingine. Yeye kila kosa lake lilihesabiwa mara mbili, na kila ushindi wake ukahesabiwa nusu.

Tumalize kwa habari ya kaburi. Mwishoni mwa karne ya 20, watu wa Sheffield waliokuwa wakipiga vita ubaguzi katika mpira walizifufua habari zake, wakachanga fedha, na mwaka 1997 jiwe likawekwa juu ya kaburi lake pale Edlington. Mwaka 2003 jina lake likaandikwa miongoni mwa magwiji wa mpira wa Uingereza. Na mwaka 2014 sanamu yake ilisimamishwa St George's Park, mahali wanapofanyia mazoezi wachezaji wa timu ya taifa ya Uingereza, ile timu ambayo hakuitwa kuichezea. Katika sanamu hiyo yuko hewani, amenyosha mkono kuupangua mpira unaopita juu.

Hiyo ni heshima njema. Lakini jiwe halimshibishi maiti. Ninyi vijana mnaocheza mpira, kumbukeni kwamba miguu huchoka kabla ya maisha kuisha; basi shikeni na elimu au kazi ya mikono wakati miguu ingali na nguvu, na jitengeni na kileo. Na ninyi wazee na watazamaji mnaopiga vigelegele Jumamosi, kumbukeni kwamba yule mnayemshangilia atakuwapo pia Jumatatu, na mwaka ujao, na siku atakapokuwa hawezi kukimbia tena. Msingoje afe ndipo mchange fedha za jiwe. Na mtakaposema tena juu ya mtu wa kijiji chenu, "Yule angalifika mbali," ulizeni na neno la pili: "Je, tulimfungulia njia?"